Mwenyekiti wa Kulinda Matete

Wewe hapo unayejifanya umesinzia: ungemchagua nani alinde majani, anayeyala au asiyeyala?

Usijibu haraka. Kuna waliojibu haraka wakajuta.

Nikisema "ngano", nyie semeni "imwage tuisikie". Ngano!

"Imwage tuisikie!"

Haya. Palikuwa na bwawa lisilokauka, kwa sababu ukingoni palisimama matete mazito, na chini ya matete chemchemi ilitoka, bwi bwi bwi. Humo mlikuwa na mayai ya Chura, viota vya Mnana, na nyumba ya Mama Sange. Sange mnamjua? Umbo la panya, pua ndefu kama ya mtu anayepeleleza mambo ya jirani. Alikuwa amejifungua juzi, mapacha.

Desturi ya bwawa ilikuwa hivi: ukinywa maji, unapanda tete moja. Kulinda ni kwa zamu. Mwaka ule wakasema zamu hazitoshi, tuunde kamati. Wakamchagua Kiboko awe mwenyekiti, kwa kuwa akifungua kinywa kila mtu ananyamaza. Kobe akawa katibu.

"Ndugu zangu," Kiboko akahutubia, "matete ni uhai! Nendeni mkapumzike. Zamu zote nashika mimi."

Wakampigia makofi, pa pa pa.

Kesho yake, upande wa mashariki uko wazi, hakuna tete hata moja. Kiboko akaitisha mkutano. Akalia. Akasema, "Ni upepo."

Kesho yake, upande wa kaskazini uko wazi. Kiboko akaitisha mkutano. Akalia. Akasema, "Ni nzige."

"Wako wapi hao nzige?" akauliza Mnana.

"Wameshaondoka. Katibu, andika: wameshaondoka."

Kesho yake, upande wa magharibi uko wazi, na maji yameshuka mpaka Chura anakanyaga tope. Kiboko akaitisha mkutano. Akalia kuliko siku zote, na jani la tete linaning'inia jinoni. Akasema, "Ni Sange, si ndiye anayeishi humo? Jua likitua awe amehama na watoto wake."

Mapacha hawakujua hata kukimbia. Mama Sange akautazama upande mmoja uliobaki. Akalitazama lile jani jinoni. Pua ikacheza. Akapanda juu ya gogo.

"Mwenyekiti anasema kweli. Nimekula mimi."

"Heee!"

"Pande tatu, siku tatu. Naanza asubuhi, kwaru kwaru kwaru, jua halijapanda nimemaliza."

Chura akamtazama toka juu mpaka chini. "Mama, kwa tumbo lipi?"

"Hili hili. Hapa bwawani hakuna mlaji kama mimi. Mwenyekiti labda angeweza robo ya upande mmoja, lakini umri nao, masikini."

Mnana akapiga kigelegele. "Bingwa wa kula, Sange! Bingwa!" Wote wakaitikia. Masikio ya Kiboko yakaanza kutikisika, tiki tiki.

"Robo?" akasema.

"Usione haya, baba. Kila mtu na uwezo wake. Hata mimi mizizi ilinishinda. Hakuna jino la kuing'oa."

"Hakuna jino?" Kiboko akasimama, maji yakaruka chwaaa. "Nenda mashariki kaangalie kama kuna mzizi! Nimeing'oa mimi! Pande zote tatu nimekula mimi, peke yangu, na sikushiba!"

Macho yote yakamgeukia Kobe.

"Katibu," Mama Sange akauliza kwa upole, "umeandika?"

Wote wakashusha pumzi, fyuuu, kama waliotuliwa mzigo kichwani. Hawakumpiga. Walimwonyesha nyasi za kilimani akale huko, lakini kwanza apande upya upande wa mashariki, tete kwa tete, kwa mdomo ule ule. Kamati ikavunjwa, zamu zikarudi. Mvua iliponyesha machipukizi yakasimama, maji yakapanda, na mapacha wakajifunza kukimbia humo humo.

Ngano yangu imefika. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka aiache mlangoni. Na funzo, maana najua mtaniuliza: ukisingiziwa, kubali upesi, tena jisifu. Ukweli unachelewesha mikutano.

Ngoja, kuna Kobe. Siku ile, wenzao walipotawanyika, Mama Sange alimfuata.

"Shemeji, wewe unalala mashariki kule. Hukusikia kwaru kwaru?"

Kobe akaingiza kichwa ndani. Mama Sange akakaa, akangoja. Mapacha wakanyonya, wakashiba, wakalala. Akangoja.

Kichwa kikatoka, kidogo kidogo.

"Nilisikia, shemeji," akasema Kobe. "Tangu siku ya kwanza. Nilitaka kubaki katibu."