Mtoto wa Jazakapu

Hapo zamani, si zile za wafalme na majini bali za juzi tu, kulikuwa na duka lililoitwa Jazakapu. Lilikuwa duka moja lakini liliishi katika miji mingi, ya nchi hii na ya nchi jirani, kama mwezi ambao kila mji unadhani ni wake.

Kisha Jazakapu likafa. Halikufa kwa siku moja. Kwanza rafu zilibaki wazi, kisha mikate ikaacha kuokwa, kisha taa zikazimwa moja moja. Yakabaki majengo. La mji mkuu likawa kanisa, na wanaosali humo bado wanasema, "Mimi nakaa upande wa sabuni." La mji wa ziwani likawa ukumbi wa harusi, na bibi harusi hupita taratibu pale palipokuwa na unga. La mpakani wakafugia kuku. La mji wa Kwembago halikugeuka kitu. Lilisimama tu mahali palipoinuka, ng'ambo ya korongo, limefungwa, na watu wakilipita walishusha sauti.

Wanawake watatu waliowahi kufanya kazi humo hawakuweza kuliacha.

Bi Tunu alikuwa mlinzi. Alipoambiwa amrudishie ufunguo wakala wa mwenye jengo, aliapa mbele ya watu kwamba umepotea. Haukupotea. Aliuvaa shingoni, ndani ya gauni, na kila asubuhi alikuja kukaa barazani na sare yake iliyopauka. Hilo ndilo kosa lake.

Chiku alikuwa keshia. Siku ya mwisho alitoka na toroli, lile la waya la wateja, akalisukuma mpaka nyumbani mchana kweupe huku akiimba. Tangu hapo akawa analitumia kubebea ndoo za maji. Hilo ndilo kosa lake.

Mwajabu alikuwa mwokaji. Yeye alilijua dirisha la nyuma lisilofunga vizuri. Kila alfajiri aliingia, akawasha tanuri la matofali, akaoka skonzi za kuuza, akatokea dirisha lile lile. Bi Tunu kule barazani alisikia harufu ya mkate, akadhani ni jengo linaota. Hilo ndilo kosa la Mwajabu.

Sasa, katika mji huo alikuwepo mke kijana aitwaye Sikudhani. Sauti yake ilikuwa ndogo, ukitaka kumsikia lazima uiname. Mumewe alikuwa safarini. Mimba yake ya kwanza ilikuwa haijatimiza miezi, na asubuhi moja alitoka peke yake kwenda kliniki. Mvua ikamkuta njiani. Korongo likafurika, maji yakapanda hadi barabarani, na pale pale uchungu ukamshika. Akakaa juu ya jiwe. Alitaka kuita, sauti haikutoka.

Akapita Chiku na toroli lake, ndoo nne zimejaa.

"We mtoto, unafanya nini hapo kwenye maji?"

Sikudhani akaonyesha tumbo.

Chiku hakuuliza la pili. Akazimwaga ndoo, akampandisha kwenye toroli, akaingia naye korongoni kuelekea Jazakapu, palipoinuka. Maji yalimfika kiunoni. Sikudhani alishika waya, akatazama mbingu, na ilionekana kama mji ndio unaoelea na yeye ametulia. Walipofika ng'ambo mkondo ulilipokonya toroli, likapinduka, likaenda zake na magurudumu juu. Chiku alikuwa ameshambeba Sikudhani kifuani.

Barazani alikaa Bi Tunu.

"Fungua!" Chiku akapiga kelele.

"Ufunguo ulipotea. Mji mzima unajua."

"Mji mzima unajua unalala nao shingoni, dada. Fungua."

Chini ya paa la baraza walikuwa wamekimbilia watu kumi na zaidi kujikinga mvua, na wote walikuwepo siku alipoapa. Bi Tunu akawatazama. Akamtazama Sikudhani. Akaingiza mkono ndani ya gauni, akautoa ufunguo mbele ya macho yao, akafungua.

Ndani palikuwa kimya. Mwanga wa mvua ulishuka kwenye sakafu kama maziwa. Juu vilining'inia vibao vya bati: Mchele, Mafuta, Watoto. Walimlaza chini ya kibao cha Watoto kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Wale wawili wakamshika, mmoja mabega, mmoja magoti. Mtoto akatoka, msichana, mdogo kama kiganja na nusu. Alikuwa baridi. Hakulia.

Bi Tunu akamsugua. Chiku akampulizia. Hakulia.

Ndipo kutoka nyuma ya magunia ya unga, karibu na tanuri, akatokea mwanamke mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi vidole. Chiku akaruka. "Yallah! Mzimu!"

"Nipeni," alisema Mwajabu. Akamfunga mtoto katika kitambaa cha kufunikia unga, akamlaza ndani ya trei ya mikate, akaiweka karibu na mdomo wa tanuri ambalo bado lilikuwa na joto la alfajiri. Akakaa, akamgeuza taratibu, upande huu, upande ule, kama anavyogeuza skonzi. Harufu ya mkate ikajaa jengo. Na mtoto akalia.

Sikudhani akalala usingizi. Akaota anapita katikati ya rafu zilizojaa, taa zote zinawaka, na watu wote waliowahi kununua humo wanamsalimia kwa jina.

Mvua ilipokatika, habari zilimfikia wakala. Alikuja na kufuli jipya. Ufunguo wa Bi Tunu akauchukua. Tanuri la Mwajabu akaliziba kwa saruji. Na Chiku aliambiwa wazi kwamba toroli lile likionekana popote, si lake tena.

Siku ya saba ikafika, siku ya kumpa mtoto jina. Kwembago mtoto akipewa jina lako, ni somo wako. Atakuja kwako bila kubisha hodi, atakula chunguni mwako, na ukizeeka atakuwa wa kwanza kukushika mkono. Bi Tunu hakuwahi kuzaa. Chiku alikuwa na wavulana watano, na wote wamehama. Mwajabu alimzika binti yake wa pekee. Wote watatu walikuja mapema, wakakaa mkeka mmoja.

Mama mkwe wake Sikudhani alimpakata mtoto. "Jina ni moja," alisema. "Mjukuu wangu si keki ya kukatwa vipande. Semeni."

Chiku akaanza. "Kama si toroli langu, angezaliwa majini."

"Lako au la Jazakapu?" Bi Tunu akadakia. Watu wakacheka.

"La Jazakapu, haya. Lakini mle korongoni Jazakapu halikuwepo. Nilikuwepo mimi, na kuogelea sijui."

"Ungemfikisha wapi?" akasema Bi Tunu. "Kwenye mlango uliofungwa. Kama si ufunguo wangu, angezaliwa kwenye upepo. Wewe ulipoteza toroli. Mimi nimepoteza heshima. Nikipita sasa hata watoto wanasema, huyo mwongo."

Mwajabu alikuwa akimtazama mtoto.

"Na wewe wa unga," Chiku akamchokoza, "ulimi umeuacha kwenye tanuri?"

"Mimi sikumvusha wala sikumfungulia," Mwajabu akasema. "Na lile tanuri sikuliwasha kwa ajili yake. Niliwasha kwa ajili ya skonzi."

"Umesikia, mama? Kasema mwenyewe!" Chiku akamwambia mama mkwe.

"Na tena ulijificha," akaongeza Bi Tunu. "Mama wa watu analia, wewe umechuchumaa nyuma ya magunia."

"Nilijificha. Niliogopa kukosa riziki, na nimeikosa." Mwajabu akainua macho. "Lakini nilipotoka, ninyi wawili mlikuwa mmeshaanza kumfunika uso."

Hakuna aliyecheka. Chiku alitazama miguu yake. Bi Tunu alishika shingo yake, pale ambapo hapakuwa na kitu.

Mama mkwe akamgeukia Sikudhani. "Mwanangu, mtoto ni wako. Nitalitamka jina mara moja tu. Nimwite nani?"

Sikudhani akawatazama. Kiganjani bado alikuwa na alama za waya. Akimtazama Chiku alisema moyoni, ni huyu. Akimtazama Bi Tunu alisema, ni huyu. Akimtazama Mwajabu, maziwa yalimshuka yenyewe. Akafumbua mdomo. Sauti ilikuwa ndogo mno, na mama mkwe akainama, na mkeka mzima ukainama pamoja naye.

Ninyi mliokaa hapa mnasikiliza, inameni pia, mseme kwa niaba yake. Aitwe Chiku, aliyemvusha kwa toroli la wizi? Aitwe Tunu, aliyemfungulia kwa ufunguo wa uongo? Au aitwe Mwajabu, aliyempa joto lisilokuwa lake, baada ya kujificha? Je, nani alistahili?