Viti Vimetoka Nje

Kabla hamjaanza kuchungulia saa zenu, nipeni masikio. Mimi shule niliitoroka darasa la sita, na hesabu za kugawanya mpaka leo tukikutana njiani tunakwepana. Lakini mfano wa leo, hata mwalimu mkuu aliyenichapa akiusikia, ataomba kiti akae mbele. Na yule aliyefunika rimoti kwa nailoni toka mwaka juzi, leo namjia. Usicheke, jirani. Wewe nawe nakujua.

Palikuwa na mwimbaji mmoja. Jukwaani walimwita Sultani wa Manyoya, kwa sababu hakupanda jukwaa bila joho la manyoya ya mbuni. Pete kila kidole, hata dole gumba halikubaki uchi. Viatu vimebandikwa vioo, vinamulika mpaka watu wa nyuma wanakinga macho. Akitembea, utadhani tausi kapewa cheo.

Alikuwa na nyumba tatu. Ya kwanza ilimjaa vitu, akajenga ya pili. Ya pili ikajaa, akajenga ya tatu, juu kilimani, getini simba wawili wa saruji wamepakwa rangi ya dhahabu. Ndani, we acha! Saa za ukutani arobaini na mbili, hakuna hata moja inayotembea, kila moja imelala kwenye saa yake. Kinanda cheupe, kikubwa kuliko kitanda chako. Viti vya kifalme vyenye miguu ya kuchonga kama makucha. Bafuni inaning'inia taa ya vioo, mtu akijipaka sabuni anamulikwa kama bwana harusi. Na kabati la vikombe! Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vyepesi kama ganda la yai, vimetoka nchi ambazo hata kuzitaja ulimi unateguka.

Na vyote hivyo, wapendwa, vilifunikwa shuka nyeupe. Viti, shuka. Kinanda, shuka. Kabati, shuka. Vumbi, si unajua! Mwenyewe alilala koridoni kwenye godoro la sponji. Ugali alikula jikoni, amesimama karibu na sinki, asije akamwaga mchuzi. Mnacheka? Haya chekeni. Kwani kwako sebuleni nani anakaa?

Sasa alikuwa anamkusanyia nani hazina zote hizo? Mama yake. Ndiyo. Msimwone mtu mbaya, alikuwa na moyo, ila moyo nao aliufunika shuka.

Maana zamani, kabla ya manyoya, yeye na mama yake walikaa chumba kimoja karibu na stesheni ya reli. Alfajiri mama anakaanga maandazi, yeye na kaptura yake iliyotoboka makalio anapiga debe la bati na kuimba. Treni ikisimama, vichwa vinajaa madirishani. Abiria mmoja aliwahi kuachwa na treni, sauti imemshika, na wala hakulalamika. Mama alimwita Kidebe. Maandazi yakiisha, wawili hao wanakaa kizingitini na kikombe kimoja cha bati chenye ua jekundu, chai ya tangawizi, huyu funda, yule funda, wanagawana andazi lililoungua ambalo hakuna aliyelitaka. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yao. Na hata sasa, akiwa kwenye godoro lake koridoni, kuna wakati harufu ya tangawizi ilimjia na chai haipo, akageukia ukutani.

Akaapa: mama yangu siku akija kwangu, atakuta nyumba iliyokamilika. Basi mama akipiga simu:

"Kidebe, nije lini?"

"Subiri kidogo, mama. Mapazia hayajafika."

Mwaka mwingine, simu tena. "Nije?"

"Kuna zulia liko melini, mama."

"Mwanangu, nakuja kukuona wewe. Zulia nitaongea nalo nini?"

"Utanishukuru, mama. Wewe subiri."

Miaka kumi na moja! Zulia gani hilo, au lilikuwa linakuja kwa miguu?

Na katika miaka hiyo kuna kitu kilimtoka polepole, mwenyewe hakutaka kukitazama. Sauti. Aliacha kuitumia, akasema anaitunza. Jukwaani akawa anafungua mdomo tu, mashine ndiyo inaimba. Joho linang'aa, watu wanapiga makofi, na yeye yuko kimya kama picha ya kwenye kalenda.

Mchana mmoja anarudi kutoka ziara ya mikoani. Gari linapanda kilima, getini anaona nini? Viti vyake viko nje! Vimepangwa mistari kwenye majani, na vimekaliwa! Vijana wa bodaboda, fundi baiskeli, na muuza mkaa na masizi yake suruali nzima, kajiegemeza kwenye kiti cha kifalme, kakunja nne.

Haya, kwetu sisi nani hajui? Viti vikitoka sebuleni, wanaume wakakaa nje, wanawake wakatandika mikeka ndani, hapo pana msiba.

Muuza mkaa akainuka, akampa mkono. "Pole sana, kaka. Ndiyo dunia."

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

"Hilo hatujaambiwa," akasema yule bwana. "Sisi tumeona viti vimetoka, tukaja."

Ameishi pale miaka, hakuna jirani aliyewahi kuvuka lile geti. Viti vimetoka siku moja tu, mtaa mzima uko uani. Lakini hilo hakuliona wakati ule, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafika mlangoni. Pale, katikati ya malapa ya wageni, kulikuwa na kifurushi kimefungwa kwa kanga ya bluu. Ile kanga aliijua.

Mama! Kumbe amekuja mwenyewe. Amekuja, na amefia mlangoni kwangu akisubiri zulia! Akakimbia. Joho likanasa kwenye kitasa, akaliacha likining'inia, manyoya yakatapakaa kama banda la kuku lililoingiwa na kicheche.

Ndani wanawake wamejaa mikekani, ukuta hadi ukuta. Mikononi vile vikombe vya ukingo wa dhahabu, vinafuka moshi. Na katikati yao, amejitanda kanga kichwani, mama yake. Mzima. Anapuliza chai.

Akaanguka magotini. "Mama! Shikamoo, mama. Jamani, nani amekufa?"

"Marahaba. Hata mimi nilimuuliza mlinzi wako hivyohivyo." Mama hakuwa na haraka. "Nimeingia jana, nyumba kimya, saa zote zimesimama, kila kitu kimevishwa sanda nyeupe. Nikasema, humu mna maiti, na hakuna mtu mzima wa kuwaelekeza. Nikatoa viti, nikatandika mikeka, nikabandika chai."

"Mama, zile ni shuka za kuzuia vumbi! Hamna maiti humu!"

"Yumo." Mama akaweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa na mtoto anaimba. Nimemwona kwenye televisheni ya jirani, anafungua mdomo, lakini pumzi haivuti. Nilimzaa mimi, hawezi kunidanganya kwa pumzi. Basi nimekuja kumzika. Na wewe, bwana mwenye manyoya, karibu mkekani, ukae na wafiwa."

Kikombe kimoja kikaponyoka mkononi mwa mwanamke mmoja, kikapasuka sakafuni. Wote wakamgeukia Sultani. Kikombe kile alikipakata mwenyewe kwenye ndege, safari nzima, kama mtoto mchanga. Akangoja moyo umuume. Haukumuuma. Akashangaa.

Mama akaagiza kile kifurushi kiletwe kutoka mlangoni, akakifungua. Akatoa kikombe cha bati, ua jekundu limebaki petali mbili. Akamimina chai ya tangawizi. Akatoa na andazi, limeungua upande mmoja, akalivunja kati.

"Kunywa, Kidebe."

Akapiga funda, akamrudishia. Mama naye akapiga funda. Kisha mtu mzima yule, na umaarufu wake wote, akafungua mdomo, na kwa mazoea akasubiri mashine ianze. Mashine haikuwapo. Mama akalipindua sinia la fedha, akalisukuma mbele ya magoti yake.

Akavuta pumzi. Sauti ikatoka imekwaruza kama bawaba yenye kutu. Akapiga sinia, pete zikagongana ovyo, akazivua moja moja, akaziweka pembeni ya makombo ya andazi. Akapiga tena, kwa vidole vitupu. Ubeti wa pili sauti ikaanza kutambua njia ya nyumbani. Na alipoinua macho, madirisha yote yamejaa vichwa, bodaboda, fundi baiskeli, muuza mkaa na masizi yake, sawasawa kama treni imesimama stesheni.

Mama akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Jamani, mtuwie radhi," akasema. "Mazishi yameahirishwa."

Muuza mkaa akauliza kutoka dirishani, "Sasa mama, viti tuvirudishe?"

Mama akamwachia mwanawe ajibu.

"Virudisheni," akasema Sultani. "Na nyie mwingie navyo."

Haya, tuje kwetu, maana najua mmeshamhukumu mwenzenu. Sisi hatuna simba wa dhahabu. Lakini kabati la vyombo vya wageni tunalo, na ufunguo tumeufunga kwenye pindo. Mgeni gani huyo tunayemngoja? Mtoto wako aliye nyumbani, kwani hataondoka? Mumeo anayekunywa chai kwenye plastiki iliyokatika mkono, kwani yeye hapa duniani ana kibali cha kukaa milele? Mama zetu wanapiga simu, tunawaambia ngoja nimalize kupiga lipu. Na kile Mungu alichotupa bure, sauti, kicheko, mkono unaojua kupika, tunakifunika shuka, tunasema tunakitunza. Hata mimi na majigambo yangu haya, suti nzuri iko kwenye mfuko toka niinunue, nimewajia na hii iliyopauka. Mmeiona, mmenyamaza. Asanteni kwa heshima.

Lakini kikumbukeni kizingiti chenu cha zamani. Watu saba, kikombe kimoja, na hakuna aliyelala na kiu. Lini tulianza kuwa na vikombe ishirini na nne na kunywa peke yetu?

Viti vyetu vitatoka nje, wapendwa. Hilo halina mjadala. Siku moja majirani watavibeba, watavipanga kwenye majani, na watu watavikalia sisi tukiwa hatuwezi tena kumkaribisha mtu. Basi leo ukifika nyumbani, usiwasubiri majirani. Toa kimoja mwenyewe. Kiweke mlangoni. Atakayepita wa kwanza, mwambie: kaa.