Singano Aligoma Kuingia Kambini

Hapo zamani, na msinione na mvi hizi mkadhani nasema zamani ya wafalme. Zamani yangu mimi ni ile mkonge ulipokuwa bado una bei, na shamba letu la Kwemtindi, njia ya kwenda Korogwe, lina watu mia sita. Sogeeni basi. Nina jambo limenikaa kooni miaka mingi, nataka mnisaidie kulitoa. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Mimi nilikuwa karani wa ofisi. Kalamu nilikuwa nayo mimi, kumbukeni hilo.

Kwetu Mei Mosi ilikuwa siku ya kuvuta kamba. Wengine wacheze mpira, sisi na jirani zetu wa Mlembule tulivuta kamba. Wanane huku, wanane kule, mivuto mitatu, anayeshinda miwili anaondoka na fahali. Wiki mbili kabla, timu inaingia kambini. Wanalala kwenye ghala la zamani la brashi, la kusafishia nyuzi za mkonge, wanakula nyama, hawakati mkonge, kazi yao ni kuvuta gogo asubuhi na jioni.

Na mtu mkubwa kwenye kamba ni wa mwisho. Wale wa mbele wanapigwa picha na kushangiliwa. Wa mwisho yuko nyuma kwenye vumbi, visigino ardhini, kitanzi cha mkia wa kamba kiunoni. Wenzake wakichoka wanapumua kidogo, yeye hana ruhusa ya kupumua. Yeye akisogea, wote wamesogea.

Kwa miaka saba mtu wetu wa mwisho alikuwa Singano, mkata mkonge, mtu mnene wa kiuno na mchache wa maneno. Miaka saba tulikula fahali wa Mlembule mara tano. Na miaka yote saba Singano alikuwa kibarua. Unajua kibarua? Kila asubuhi majina yanaitwa, jina lako likiitwa una kazi, lisipoitwa unarudi ulikotoka. Huna nyumba ya shamba, huna hospitali ya shamba.

Mwaka ule ninaousema, siku ya kuingia kambini, watu saba waliingia ghalani na magodoro yao. Singano akakaa.

Alikaa kizingitini kwake, mkabala na ghala kabisa, kila mtu anamwona. Meneja wetu, Bwana Lukindo, akaenda na Landrova yake mpaka mlangoni pale. Nami nilikuwamo garini na faili langu.

"Singano, wenzako wako kambini."

"Nawaona, mkubwa. Ghala si mbali."

"Na wewe je?"

"Mimi namenya mihogo."

Bwana Lukindo akacheka, maana alidhani ni utani. Singano hakucheka. Akaweka kisu chini, akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa mpigo mmoja.

"Mkubwa, kabla yangu mkia alishika Mzee Kihiyo. Ulikuwepo alipoumia uti wa mgongo. Mlimpa paja la fahali na gunia la unga, tukampigia makofi. Wiki ya pili jina lake halikuitwa. Mimi sasa kila nikiamka nakaa kwanza kitandani, nasubiri mgongo ukubali. Niandikie ajira ya kudumu, niingie kambini leo hii. Usiponiandikia, siingii."

"Shinda kwanza, tutaongea baadaye."

"Huu mwaka wa saba naambiwa baadaye."

Basi, meneja akapandwa na hasira. Akasema wanaume wako wengi Kwemtindi. Akamchukua Hoza, kijana wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mrefu, mwembamba, ana miguu ya kukimbilia zaidi kuliko ya kukazia. Lakini Hoza alikuwa na moyo, hilo simnyimi. Alikuwa kibarua naye, ana mke na mtoto wa miezi minne. Alipoitwa aliacha sahani ya chakula mezani akaja.

Siku ya kwanza Hoza akavuta gogo, akaanguka. Singano akakaa. Siku ya tatu Hoza akavuta gogo, ngozi ya kiuno ikachunika. Singano akakaa. Siku ya sita Hoza akavuta gogo na gogo likaja. Watu wakapiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara, na wote tukageuka kumtazama Singano kizingitini. Akakaa tu. Mpaka leo najiuliza alikuwa anafikiri nini saa ile, na sikuwahi kuwa na uso wa kumuuliza.

Sasa ingieni kwa Bi Nyange, maana bila yeye hakuna hadithi.

Bi Nyange alikuwa msokotaji. Kwemtindi hatukununua kamba dukani, tungechekwa. Kamba ya Mei Mosi ilisokotwa kwa singa, nyuzi za mkonge wetu wenyewe, mpya kila mwaka, na ilikuwa mwiko kuigusa kabla ya siku yenyewe. Mazoezi yote ni kwa kamba ya mwaka jana. Kitanzi cha mkia kinasokotwa kikiwa kimelowa, kisha kinakaushwa kwa kipimo cha kiuno cha mtu wa mwisho, na kikishakauka hakimfai mwingine. Bi Nyange aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Naye, mnisikie vizuri, alikuwa kibarua.

Siku ya nane ya kambi akaingia ofisini na kamba begani, kamba nzima, haina mkia. Akaitua juu ya meza ya meneja, juu ya makaratasi yake na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, Bwana Lukindo."

"Marahaba, Bi Nyange. Mbona haina mkia?"

"Mkia nitausokota ukiandika ile karatasi anayoitaka Singano. Usipoandika, tafuteni kamba ya manila dukani mkavutie. Mlembule watafurahi kuiona."

Nikaangalia chini, maana nilitaka kucheka. Meneja akazunguka chumba mara mbili. Bwana mwenye shamba alikuwa anakuja siku hiyo ya Mei Mosi kutazama, na kamba ya dukani mbele yake ingekuwa aibu. Lakini kumpigia magoti Singano nako kulimshinda. Akaniambia, "Karani, andika." Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba shamba litatoa ajira moja ya kudumu, na nyumba ya matofali, na matibabu, kwa mfanyakazi atakayetuletea ushindi Mei Mosi. Ajira moja tu. Nilipofika kwenye jina akanishika mkono.

"Hapo acha wazi."

Nikaacha wazi. Akasaini, akagonga mhuri.

Bi Nyange akaipeleka habari mbio kizingitini. Singano akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Jina langu limeandikwa?"

"Wamepaacha wazi, mwanangu. Lakini nani mwingine atatuletea ushindi?"

"Wapaandike jina langu, niingie."

Na akakaa.

Bi Nyange akarudi kusokota mkia. Hapa ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo wasokotaji wa Kwemtindi wanaligombania. Uani kwake palikuwa na kinu cha kutwangia, kinu cha mvule, na katikati yake unene ulikuwa sawasawa na kiuno cha Singano. Tulijua wote, tulimtania Singano kwa hicho kinu. Miaka saba kitanzi kilikaukia pale. Na mwaka huo, Hoza akiwa kambini, Hoza ambaye ukimvisha kitanzi cha kinu kile kiunoni angeweza kuweka na mto wa kulalia, Bi Nyange akakikaushia kitanzi kwenye kinu.

Baadaye alipoulizwa alisema, "Nilijua Singano atarudi."

Mei Mosi ikafika. Bwana mwenye shamba kwenye kiti, ngoma, soda, watu wa Mlembule na kofia zao nyekundu. Singano alikuja na shati lake la kwenda kanisani, akasimama na watazamaji. Kamba mpya ikaletwa. Hoza akavaa kitanzi, kikaning'inia.

Akakiona kinaning'inia. Alijua. Akavuta shati juu yake, akanyamaza. Nilikuwa mita tano, nikaona uso wake, na nilinyamaza pia.

Mvuto wa kwanza, kitanzi kikapanda kutoka kiunoni mpaka mbavuni, Hoza akapaa, Mlembule wakatuburuta kama gunia tupu.

Mvuto wa pili, Hoza akaomba kanga kwa mke wake, akaomba na ya jirani, akazijaza ndani ya kitanzi, akajifunga kwa nguvu. Akachimba visigino. Dakika nne, jamani. Dakika nne Mlembule wanavuta na Hoza hasogei, uso umekuwa wa majivu. Kisha nikasikia kitu kimelia, nikadhani ni kamba. Hoza hakuachia. Mlembule wakaachia. Tukashinda wa pili, ikawa sare, na Hoza akakaa chini hawezi kunyanyuka. Ule mlio ulikuwa ubavu wake.

Ilibaki mvuto wa tatu. Sheria yetu iliruhusu kubadilisha mtu mmoja. Meneja akatazama watu, na hakumtazama Singano. Hakuna aliyemwita. Singano mwenyewe akavua shati la kanisani, akamkabidhi Bi Nyange, akavuka mstari wa chokaa.

"Nivulie, mdogo wangu."

Hoza akamtazama kutoka chini. "Wamekuandikia jina?"

"Hawajaniandika. Nivulie, watu wanasubiri."

Kitanzi kikamkaa Singano bila kubakiza hata nafasi ya kidole. Mlembule walivuta, Singano akakaa. Safari hii alikaa kwenye vumbi, kamba kiunoni, na mgongo ule aliokuwa anausubiri kila asubuhi. Wakavuta mpaka wakaanza kugombana wao kwa wao, ndipo akarudi hatua moja, akarudi ya pili, na fahali akawa wetu.

Jumatatu asubuhi watatu hao walikuja ofisini wakaketi kwenye benchi moja. Meneja akatoa ile karatasi. Akasema atakayekosa asilaumu mtu, kisha akawaambia kila mmoja aseme lake.

Singano akasema, "Mimi ndiye niliyeanza. Wiki mbili nimekaa pale watu wanapita wananitemea mate. Kama ningeingia kambini na mihogo yangu nimeiacha nusu, karatasi hii isingekuwepo duniani. Na mvuto ulioleta fahali ni wa kwangu, nimeuvuta bila kuahidiwa. Nikiumia mwakani nitakwenda wapi?"

Hoza akasema polepole, maana kuongea kulimuuma. "Kaka anasema akiumia mwakani. Mimi nimeshaumia. Daktari amesema miezi mitatu nisinyanyue kitu, na leo asubuhi majina yameitwa, langu sikulisikia. Aliponuna yeye nilivuta mimi. Bila mvuto wangu wa pili, wa tatu angeuvuta na nani?"

Singano akamgeukia. "Lakini kitanzi ulikiona kinaning'inia."

"Nilikiona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekwenda kukuita wewe."

Bi Nyange akasema mwisho. "Wanangu, wote mmesema kweli. Lakini karatasi hii haikuandikwa kwa kukaa kizingitini, wala kwa kuvuta gogo. Imeandikwa kwa sababu mimi nilikuja nikaitua kamba pale. Singano alikaa siku saba na meneja hakushika kalamu. Nilikaa mimi robo saa. Miaka kumi na tisa nasokota, vidole hivi havikunjuki tena, na mwaka huu nilidai kwa ajili ya mtu mwingine. Sasa nadai na kwa ajili yangu."

Hoza akasema, "Mama, ubavu wangu umevunjwa na kinu chako."

Bi Nyange akavitazama vidole vyake. "Ni kweli, baba. Hilo nalibeba."

Singano akamuuliza Hoza kama anapumua vizuri, Hoza akasema akicheka tu ndipo panauma, na Bi Nyange akamwekea kanga yake mgongoni aegemee. Walikaa hivyo, wanagombea kitu kimoja huku wanaegemezana. Mimi niliona aibu, kwa sababu zile sentimita tatu zilizokuwa wazi niliziacha mimi, kwa mkono wangu. Niliambiwa niache, nikaacha, na sikuuliza.

Bwana Lukindo akatazama saa yake. Alikuwa anawahi mkutano Tanga. Akanisukumia karatasi mezani.

"Karani, umewasikia wote. Jaza wewe. Nikirudi saa nane nikute jina moja, nikikuta pako wazi naichana."

Akapanda Landrova akaenda. Watatu wale wakageuka wakanitazama mimi.

Niliandika jina, wenzangu. Sikupaacha wazi. Mmoja akahamia nyumba ya matofali, na wawili waliokosa wananisalimia mpaka leo kila tukikutana sokoni, wananiuliza habari za wanangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama wangenitukana. Sitawaambia ni la nani, mtaliegemea. Nataka kusikia lenu kwanza, mmoja mmoja, na kila mtu aseme na kwa nini.

Je, ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti changu, saa saba na nusu imeshapiga, ungeandika jina la nani?