Kindi na Wimbo Uliotiwa Kibuyuni

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo hata mimi nilisimuliwa tu, wanyama walikuwa na nyumba, na milango, na majirani wenye kelele kama wa kwetu. Sogeeni karibu. Wewe mwenye muwa, tafuna polepole, maana mimi sirudii.

Mnajua walivyokuwa wakisikiliza muziki? Hamjui! Mtu aliimba ndani ya kibuyu, akakiziba haraka, pu! Wimbo ukabaki humo humo. Ukikizibua, wimbo unatoka. Ukikitikisa, unatoka mbio mbio.

Na palikuwa na Mama Buibui. Yeye alitandaza nyuzi zake msitu mzima, kila nyumba na uzi wake. Ukizibua kibuyu mbele ya uzi, trrrr! wimbo unafika mpaka ng'ambo ya korongo.

Huko ng'ambo aliishi mama yake Kindi, kikongwe asiyeweza tena kuruka matawi. Kindi akamtungia wimbo wa kumbembeleza. Mtamu, jamani! Akautia kwenye vibuyu, akawa anaviuza sokoni huku akingojea sikukuu, ampigie mama kwenye uzi.

Sikukuu ikafika. Kindi anashika kibuyu chake tu, mara uzi ukaanza kutetemeka. Trrrr! Ukatoka wimbo wake mwenyewe, mbio mbio, na juu yake sauti nzito: "Dijei Kibokooo! Bwaaah! Hakuna mwingine!"

Kindi akaduwaa. Wimbo ulipokwisha, akazibua kibuyu chake na yeye. Hakufika hata katikati, Mama Buibui akashuka kwenye uzi, shuuu!

"Kindi, huu wimbo una mwenyewe. Kiboko ndiye aliyeupiga kwanza. Leo nimekusamehe. Ukichukua tena cha mwenzio, nakata uzi wako."

"Lakini mama, mimi ndiye..."

"Nimeshasema."

Kisha ikaja sauti dhaifu kutoka ng'ambo. "Mwanangu, ni kweli umemwibia Kiboko wimbo?"

Hapo Kindi alilia. Kuitwa mwizi na jirani kunauma, lakini kuulizwa hivyo na mama yako mzazi, mh!

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngekwenda kupigana? Na Kiboko? Unyayo wake mmoja tu ungemfunika Kindi na mkia wake. Kindi hakwenda kupigana. Alikwenda kuuliza maswali, maana alitaka kujua hasa Kiboko anawaza nini.

Kesho yake akamkuta amejilaza kwenye tope, kando ya shamba lake la matikiti, vibuyu vimemzunguka.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunisifu?"

"Nimekuja kuuliza tu. Ule wimbo wa jana ni wa nani, mzee?"

"Wangu! Kibuyu si nimekinunua sokoni, kwako wewe mwenyewe?"

"Aah! Kumbe ukinunua kibuyu, umeununua na wimbo?"

"Hujui hata hilo?"

"Sijui, ndiyo maana nauliza. Na mbona ulikuwa mbio mbio?"

"Nilikitikisa. Ukikitikisa, wimbo unakuwa mpya. Halafu nikapiga jina langu juu yake, bwaaah! Hapo nani tena atadai?"

"Na mwenyewe akidai?"

Kiboko akacheka mpaka tope likamrukia Kindi machoni. "Mwishoni huwa nasema, 'Sifa zote kwa mwenye wimbo, popote alipo.' Nikishasema hivyo nimemaliza. Hakuna wa kunigusa."

"Popote alipo?" akauliza Kindi, naye amesimama mbele ya pua yake.

"Popote alipo!"

"Asante, mzee. Leo nimesoma."

Kindi akaenda moja kwa moja sokoni, akanunua vibuyu vitatu kwenye kibanda cha Kiboko. Si unajua Kiboko hupenda kusikia sauti yake? Kila kibuyu kilijaa makelele yake, majigambo ya nyumba yake na matikiti yake. Kindi akarudi nyumbani, akavifungua kwa uangalifu, akachota kidogo huku na kidogo kule, akaunganisha kwenye kibuyu kimoja. Akakitikisa, choko choko! Mwishoni akaongeza kasauti kake: "Sifa zote kwa mwenye sauti, popote alipo." Akakizibua kwenye uzi.

Trrrr! Msitu mzima ukasikia: "Karibuni nyoteee! Nyumbani kwa Kiboko! Matikiti, kula mpaka uchoke! Bwaaah!"

Asubuhi yake, loo! Tembo kaja na watoto na wakwe. Nguruwe kaja na gunia. Twiga kaja, na nyani wasiohesabika. Kracha! Kracha! Matikiti yanapasuka, maji yanawatiririka mpaka viwikoni.

Kiboko akaibuka topeni, macho yamemtoka. "Nani kawaita?"

"Si wewe?" akajibu Tembo, mdomo umejaa. "Tumekusikia kwa masikio yetu."

Kiboko akanguruma mpaka nyuzi zikatikisika. "Mama Buibui! Kata uzi wa Kindi! Kata sasa hivi!"

Mama Buibui akashuka. Akaushika uzi wa Kindi kwa meno yake, tayari kuukata. "Kindi, ni wewe?"

"Ni mimi, mama." Kindi akamgeukia Kiboko. "Lakini nina swali kwa mzee. Sauti ile ni ya nani?"

"Yangu!" Kiboko akafoka.

"Lakini kibuyu nimekinunua sokoni, kibandani kwako wewe mwenyewe."

"Umenunua kibuyu! Sauti hukununua!"

"Nikakitikisa."

"Tikisa mpaka uchoke, ni mimi tu huyo!"

"Na mwishoni nikasema, sifa zote kwa mwenye sauti."

"Sifa nizifanyie nini, nawe hukuniomba? Ungebisha hodi ukaniomba kwanza!"

Hata Tembo aliacha kutafuna. Kiboko akasikia alichosema mwenyewe, masikio yakamlala.

Mama Buibui akauachia uzi polepole. "Kiboko, na ule wimbo wa kubembeleza, wewe ulibisha hodi kwa nani?"

Kiboko akajizamisha topeni mpaka puani. Bwaaah yote ilimwisha.

"Nami nina kosa," akasema Mama Buibui. "Niliangalia aliyepiga kwanza. Aliyetunga sikumuuliza." Akazitikisa nyuzi zote, akatangaza mpaka ng'ambo ya korongo kwamba wimbo ni wa Kindi.

Punde ile sauti dhaifu ikarudi. "Mwanangu, nisamehe. Basi upige sasa. Upige polepole, ule wa mbio uliniumiza kichwa."

Kindi akaupiga, machozi yanamtoka tena, lakini haya yalikuwa mengine.

Mnadhani Kiboko aliacha muziki? Thubutu! Aliupenda mno. Siku ya pili akaja kwa Kindi, anatembea kwa adabu asiangushe mti.

"Hodi. Naomba ule wimbo wako, niupige."

"Harusini au kwenye uzi?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo, mzee. Harusini wanasikia walioalikwa. Kwenye uzi wanasikia wote, mpaka nisiowajua. Kila kimoja kina ruhusa yake."

"Ala! Basi naomba zote mbili."

"Kwa upande wangu nimekubali. Lakini mimi nilitunga maneno tu. Mdundo alinipigia Kigong'ota kwa mdomo wake. Kamuulize na yeye."

"Anakaa wapi?"

Kindi akaonyesha kilele cha mvule, juu, juu kabisa. Kiboko akainua shingo yake fupi mpaka ikamlia ka! Akakohoa kidogo, kisha akaanza kuita kutoka chini, "Hodiii! Mwenye mdundo! Hodiii!" Wala hakugusa kibuyu mpaka alipojibiwa.

Basi watoto, kibuyu ukikinunua ni chako, lakini wimbo uliomo ndani una mwenyewe, na mwenyewe huombwa kwanza.