Pampu ya Sultani Jauhari

Palikuwa na Sultani mmoja aliyependa kuzindua vitu. Alizindua madaraja, alizindua milango, na siku moja, kwa kukosa kingine, alizindua mbuzi. Sultani huyo jina lake Jauhari, mrefu hata vizingiti vya juu vya jumba lake vilipandishwa ili asiiname. Basi akanunua pampu ya maji inayokwenda kwa mota. Msiniulize umeme aliutoa wapi. Sultani hakosi umeme. Pampu ikafungwa uani, ikazinduliwa kwa utepe, mazulia, hotuba, na jiwe la marumaru ukutani lenye jina lake.

Haukupita mwezi, pampu ikavuja. Kwanza tone. Kisha mkojo wa mtoto. Kisha kijito kamili, kinaelekea kwenye mota.

"Pampu yangu imehujumiwa!" Sultani akanguruma barazani. "Aliyeiharibu atachota maji mtoni kwa mzega, kutwa mara nne, mwaka mzima. Naye si mwingine ila Songoro, maana ndiye mtunza pampu."

Songoro, mtu mfupi mwenye nyonga mbovu, akafungua mdomo. Mlinzi akamwashiria aufunge. Pale pale seremala wa jumba akampima kutoka begani hadi kisiginoni, na kabla ya adhuhuri mzega ulikuwa tayari: mti wa kubeba begani, na kamba mbili za kuning'iniza ndoo, zimekatwa sawasawa na kimo chake. Mwaka mzima, na nyonga ile! Mkewe alipousikia urefu wa adhabu akakaa chini.

Akaitwa uani fundi Mize, shemeji yake Songoro, mwanamke maskini wa kila kitu isipokuwa spana na maneno.

"Fundi," Sultani akasema, "itengeneze hapa hapa, mbele ya baraza. Nataka watu waone alichofanya huyu shemeji yako."

"Vyema, Seyyid. Na nikikuta aliyeiharibu si shemeji?"

"Atabeba huyo huyo aliyeiharibu."

"Hata akiwa mtu mkubwa?"

"Hata akiwa mkubwa wa wakubwa! Mimi sipendelei mtu. Karani, andika!"

Karani akaandika. Karani yule alikuwa na kasoro moja tu: aliandika kila kitu.

Mize akazima umeme, akafunga koki, akalegeza nati, akaitenga pampu na mota. Akavua feni inayosukuma maji. Nyuma yake akachomoa kidude chenye springi na pete mbili.

"Hii ndiyo sili, inayozuia maji yasivuje kuelekea kwenye mota," akasema. "Pete hii nyeusi huzunguka pamoja na shafti, chuma kinachozungushwa na mota. Hii nyeupe imekaa tuli. Zinasuguana kutwa, na kati yake hupita utando wa maji, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando huo ndio unaozipoza. Pampu ikiwashwa kavu, zinaungua kabla hujamaliza kupiga chafya."

Akaziinua juu. Nyeupe ilikuwa na ufa. Nyeusi imechimbika mistari.

"Ndiyo hivyo! Songoro aliiwasha kavu!" Sultani akadakia.

"Shemeji," Mize akauliza, "wewe huijazi maji kwanza?"

"Naijaza kila alfajiri, shemeji. Ila ile siku ya sherehe nilikuja na ndoo yangu, nikaambiwa nisimame nyuma ya wageni."

"Alaa. Basi labda kuna mtu aliijaribu kabla ya sherehe, Seyyid. Mtu aliyetangulia mkono wako."

"Anitangulie nani?" Sultani akaja juu. "Hujui kusoma? Soma jiwe!"

Mize akasoma polepole, huku akiifuta kwa kitambaa safi sili mpya aliyoitoa mkobani: "'Mkono wa kwanza kuiwasha ni wa Sultani Jauhari, peke yake.' Nimekosea, Seyyid. Lakini nadhani uliiwasha ukaizima."

"Niizime? Niliiacha ingurume, nami nikahutubia juu ya ngurumo yake!"

"Hotuba fupi, bila shaka."

Baraza zima likakohoa.

"Fupi!" Sultani akaligeukia baraza. "Mwambieni! Saa nzima na robo! Mabalozi walitokwa na machozi!"

"Walilowa na maji ya pampu, maskini."

"Maji gani? Yangelowesha mazulia yangu! Niliamuru mwenyewe pampu isitiwe hata tone mpaka nimalize kusema!"

Waziri akaanza kuchunguza viatu vyake kama aliyevinunua jana. Kilichosikika ni kalamu ya karani tu, kwaru kwaru kwaru.

Sultani, kwa kukosa la kufanya, akanyoosha kidole aiguse sili mpya. Mize akaisogeza.

"Kidole hapana, Seyyid. Hata jasho la mkono linaidhuru. Imeshaumia moja."

Akapaka maji ya sabuni kwenye mpira wake, akaisukuma kwenye shafti taratibu mpaka ikakaa. Akarudisha feni, akakaza nati. Akamkabidhi Songoro ndoo. Songoro akaijaza pampu maji, polepole, mbele ya watu wote, mpaka yakamwagika juu. Mize akaizungusha shafti kwa mkono. Kisha Songoro akabonyeza swichi.

Pampu ikaimba. Chini yake pakawa pakavu. Halikudondoka hata tone.

Sultani akaitazama karatasi ya karani. Akautazama mzega, umeegemezwa ukutani, chini kabisa ya jiwe lake.

"Fundi," akasema kwa sauti iliyopungua, "unataka kusema nini?"

"Mimi? Sina la kusema, Seyyid. Umeshasema yote mwenyewe, tena kwa ufasaha." Mize akauchukua mzega, akausimamisha ubavuni mwa Sultani, akapima kwa macho kutoka begani hadi kisiginoni, akatikisa kichwa. "Tatizo ni kamba tu. Zimekatwa kwa kimo cha shemeji. Niziongeze shubiri mbili, au Seyyid atazoea kuinama?"