Mtani wa Kuteuliwa

Kiangazi cha mwaka ule hakikuwa na adabu. Kilikausha mto, kikakausha visima, kikashuka mpaka kwenye mizizi ya majani, na katika mbuga nzima likabaki bwawa moja tu. Na bwawa lenyewe, maana dunia ndivyo ilivyo, lilikuwa uani kwa Simba.

Simba alikuwa mfalme, na alijua kwamba ni mfalme. Hilo la pili ndilo lililowatesa watu. Kila asubuhi aliketi ukingoni mwa bwawa akijitazama majini, akageuza shingo huku, akageuza kule, akayachana manyoya ya shingoni kwa ukucha, na wanyama wenye kiu wamepanga foleni wakisubiri amalize kujipenda. Hakuna aliyethubutu kusema neno. Ukimwambia Simba ana kosa, kosa unabaki nalo wewe.

Isipokuwa Sungura. Huyu alikuwa mtani wa Simba. Zamani babu zao walipigana vita virefu, mmoja kwa meno na mwingine kwa hila, mpaka wote wawili wakachoka, wakapatana kwamba kuanzia hapo ugomvi wao utabaki wa mdomo. Tangu siku hiyo uzao wa Sungura unaweza kuuambia uzao wa Simba lolote, popote, na Simba haruhusiwi kununa. Kazi hiyo haina mshahara wala haiombwi. Mtu anazaliwa nayo kama anavyozaliwa na masikio.

Basi siku moja Sungura alijifunga nyasi kavu shingoni, akaingia barazani kwa mikogo, kifua mbele, akachutama mbele ya kibuyu cha maji na kuanza kujichana. Mama Kanga, jirani yake, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, alisogea na vifaranga wake wapate kunywa. Sungura akamzuia kwa mkono. "Ngoja kidogo, mama," akasema kwa sauti nzito ya kifalme, "bado sikio la kushoto."

Baraza zima likabana pumzi. Simba akatazama, akakunja uso, akatazama tena, kicheko kikamponyoka. Alicheka mpaka akalala chali. Kesho yake aliamka mapema akajichana upesi, na wanyama wakanywa kabla jua halijawa kali. Mfalme hakuaibishwa, na maji yakapatikana. Sungura aliijua kazi ile vizuri, na aliijua kwa sababu, niamini nikikuambia, alimpenda Simba.

Fisi naye alikuwa akitazama, ila macho yake hayakuwa kwenye mchezo. Yalikuwa kwenye kibuyu. Aliona kwamba mtani akimaliza kutania hukaribishwa kuketi, hupewa maji ya kwanza, na huwekewa mfupa wa heshima. Mfupa mzima, wenye nyama, anapewa mla majani! Fisi alipofika nyumbani hakupata usingizi kwa uchungu.

Akamfuata Simba faragha. Akaanza kwa kuapa kwamba anampenda, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili. Kisha akasema amepita ng'ambo ya mto, kwa simba wa kule, na wamemuuliza swali ambalo hata kulirudia anaona aibu.

"Swali gani?" Simba akauliza.

"Wameuliza, Mtukufu, hivi mfalme wenu ndiye yule anayechezewa na kidude chenye masikio marefu? Nikawaambia siye. Sasa naogopa siku wakija wenyewe."

Mkia wa Simba ukaanza kupiga vumbi. Mwenye kiburi ukimwambia anachekwa, hakuulizi ushahidi. Kesho yake tangazo likatoka: utani na uzao wa Sungura umefutwa, Sungura asionekane tena barazani, na Bwana Fisi ameteuliwa kuwa Mtani Mkuu. Kobe, ambaye ndiye aliyesimamia taratibu za harusi na misiba ya mbuga ile, alinyoosha shingo akauliza kwa upole, mtani anateuliwaje? Fisi akamjibu kwamba shingo zinazonyooshwa ovyo hukatwa. Kobe akairudisha ndani.

Sungura alirudi nyumbani ameinamisha masikio. Wengine walidhani analilia cheo. Hapana. Aliona amefukuzwa na ndugu.

Fisi akaianza kazi kwa mbwembwe. Alijishonea vazi la viraka vya ngozi za kila rangi, na hakuna aliyeuliza ni ngozi za nani. Akajifunga njuga miguuni, akajipaka pua udongo mwekundu, akawa kila akiingia barazani anatanguliwa na kelele zake mwenyewe. Aliutania mwendo wa Kobe, akautania upara wa Tai, akaitania miguu ya Mbuni. Ila Simba hakuthubutu kumtania. Kuhusu Simba alikuwa na mzaha mmoja tu, kwamba mfalme ni mzuri mno hata jua linaona haya kuchomoza mbele yake. Sasa huo nao ni mzaha? Lakini Fisi alikuwa anaucheka yeye kwanza, kabla hajafika mwisho, na Bweha akawekwa mlangoni aangalie nani kachelewa kucheka. Aliyechelewa aliambiwa arudi nyumbani akajifunze, ndipo aje kunywa maji.

Wanyama wakajifunza. Ungepita barazani siku zile ungedhani pana raha isiyo kifani.

Siku moja Mama Kanga akaja kulalamika kwamba foleni ni ndefu, na vifaranga wake sasa hata kulia hawalii, wanafungua midomo tu. Fisi akaiigiza ile midomo. Akaifungua, akaifunga, akaifungua, huku ametumbua macho, mpaka Simba akashikwa na kicheko. Katikati ya kicheko hicho Fisi akashauri kwamba bwawa lizungushiwe miiba, maana maji ya mfalme hayafai kuguswa na kila mdomo, na yeye mwenyewe yuko tayari kulinda mlango. Simba, machozi ya kucheka yangali yakimtoka, akasema sawa. Ndivyo sheria ile ilivyopita. Fisi akawa anakunywa mpaka anajilaza, na wenzake wakawa wanalamba umande.

Kwa Sungura hali ilikuwa mbaya kuliko kwa wengi. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni, na bila maji maziwa yalikuwa yamekatika. Sungura alichimba mizizi, akatafuna, akamkamulia mkewe utomvu mdomoni, lakini haukufika popote. Mkewe alimwonyesha kichanga mdogo kuliko wote, ambaye ngozi yake ilikuwa imejikunja.

"Wewe uliyekuwa ukimchekesha mfalme," akamwambia, "hebu mchekeshe na huyu."

Sungura alitoka nje, akakaa, akalia kama mtoto. Alijua kwamba bila maji wale watoto hawafiki wiki ijayo, na kwamba mtu pekee wa kuambiwa hilo ni Simba, na mlango wa kumwambia umefungwa.

Wiki hiyohiyo mama yake Simba akafariki. Alikuwa bibi kizee wa siku nyingi, mcheshi, ambaye Sungura alizoea kumwita "mke wangu" mbele ya watu, naye akimwita "mume wangu mfupi." Habari zikapelekwa mbali. Simba wa ng'ambo ya mto wakaja wote, wakiongozwa na mjomba wake Simba, mzee mwenye jicho moja, ambaye ndiye kiumbe wa pekee aliyeweza kumfanya mfalme akae vizuri. Sungura naye akaenda. Barazani alikuwa amepigwa marufuku, lakini msibani hafukuzwi mtu. Akakaa nyuma kabisa, akamlilia bibi yule machozi ya kweli.

Fisi akaingia na njuga zake. Watu wote wakamgeukia, wakingoja mtani aanze kazi, maana msiba usio na mtani ni kelele tu za kulia. Fisi akasimama, hajui aanzie wapi. Katika misiba yote ya maisha yake alifika wakati wa chakula na kuondoka sufuria zikigeuzwa, kwa hiyo yale ya katikati hakuwahi kuyaona. Akajisogeza taratibu mpaka alipokaa Sungura.

"Mwenzangu," akanong'ona, "hapa mtani hufanya nini?"

Sungura alipangusa macho. Moyo ulimwambia amtemee mate. Kisha akakumbuka ile ngozi iliyojikunja ya mwanawe.

"Anazuia jeneza," akasema. "Likiinuliwa unajilaza njiani, husogei mpaka upewe unachotaka."

"Chochote?"

"Chochote. Mfiwa hana ruhusa ya kukataa. Ila nakuomba, Bwana Fisi, taja kitu kidogo. Mimi kwenye msiba wa baba yake Simba niliomba ugoro. Ukitaja kikubwa utanitia aibu mimi niliyekuelekeza."

Fisi akamwangalia kwa huruma ya kumdharau. Kumbe mjinga huyu alilala njiani, akaambiwa ataje chochote, akataja ugoro! Na sasa wivu umemjaa, hataki mwenzake apate zaidi. Akarudi mbele akitabasamu. Hakuuliza mtani akishapewa kinafuata nini, na Sungura hakumwambia, kwa sababu hakuulizwa.

Alasiri jeneza likainuliwa. Fisi akajitupa katikati ya njia, njuga zikalia, na waombolezaji wakaguna kwa kuridhika kwamba angalau hilo analijua. Mjomba mwenye jicho moja akamsogelea, akamuuliza kwa desturi anataka nini ili marehemu apite.

"Bwawa," akasema Fisi.

Watu wakadhani ataongeza neno la kuchekesha. Hakuongeza. Akarudia kwamba anataka bwawa, lote, na kingo zake, na mlango wake.

Manyoya ya Simba yakasimama. Alimtazama Fisi, akalitazama jeneza la mama yake, akatazama wageni waliojaa uwanja. Kucha zilikuwa zimeshatoka.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "huyu ni mtani wako, au siye?"

Hapo Simba akanasa. Akisema siye, itabidi aeleze mbele ya koo zote kwamba alimfukuza mtani wake wa kuzaliwa akaokota mwingine. Kiburi chake kilikuwa tayari kupoteza bwawa kuliko kusema hivyo. Akamjibu mjomba.

"Ni mtani wangu."

"Basi mpe. Mama yako yuko juani."

Simba akampa. Fisi akainuka akicheka ile sauti yake unayoijua, akiruka huku na huku, viraka vikipepea, na kwa mara ya kwanza Bweha mwenyewe alisahau kucheka. Ndipo Kobe akatoa shingo. Safari hii aliitoa yote.

"Haya, gawa," akasema.

Fisi akauliza agawe nini. Kobe akamweleza pole pole, kama anavyotembea, kwamba kitu cha msibani hakiliwi na mtani peke yake. Hugawiwa kwa kila aliyekuja kulia, kabla udongo haujarudishwa. Ule ugoro wa Sungura ulipita pua kwa pua mpaka ukaisha. Anayeshikilia kitu hicho kiwe chake, huyo si mtani tena. Ni mgeni aliyekuja kuwaibia wafiwa, na wana wa marehemu watamfanya watakavyo. Kobe alipofika hapo, simba wa ng'ambo ya mto, waliokuwa wamekaa, walisimama.

Fisi akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Udongo mwekundu ulikuwa unamchuruzika puani kwa jasho.

"Jamani," akasema, "mimi nilikuwa natania tu."

Simba akainama mpaka uso wake ukakutana na wa Fisi. "Mbona sicheki?"

Fisi akagawa. Aligawa kwa sauti inayotetemeka, kila mnyama na sehemu yake ya bwawa, tembo na panya, na miiba ikaanza kung'olewa palepale. Kisha Kobe akampa jembe, kwani kaburi nalo huchimbwa na mtani, ndiyo maana lilikuwa bado, na hilo pia alikuwa halijui.

Wakati akichimba, Simba alimfuata Sungura kule nyuma, akasimama kando yake bila kumtazama. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anamrudishia kazi yake.

"Hukunipa wewe, utanirudishiaje?" Sungura akasema. "Mimi ni mtani wako hata ukinipiga marufuku. Nilikuwa nimenyamaza tu, na umeona nikinyamaza unakuwaje. Kwanza futa kamasi, mke wangu hazikwi na mtoto mchafu."

Simba akacheka huku analia, mbele ya mjomba na wageni wote, wala hakujali. Baadaye Sungura alijifunga khanga ya marehemu, akaigiza bibi yule alivyokuwa akiwafokea wajukuu, na msiba ukapata utamu wake.

Jua lilipokuwa linazama watu wote walishuka bwawani. Mgawaji ndiye mteka maji, kwa hiyo Fisi alisimama kwenye tope, ameshika kata, akimtekea kila mmoja. Mke wa Sungura alikunywa, akapumzika, akanywa tena, na nyumbani usiku ule vichanga walinyonya wakalala. Vifaranga wa Mama Kanga walikunywa mpaka wakawa wazito kutembea. Fisi alihudumia foleni nzima, koo limemkauka, na miguu ikizidi kudidimia. Zamu yake ilipofika maji ya ukingoni yalikuwa yamechafuka, akataka kusogea penye maji safi kabla mtu mwingine hajamwahi. Akavuta mguu mmoja, ukakatalia. Akavuta wa pili, akaanguka kifudifudi kwenye tope, puu, njuga zikatoa mlio mmoja na kunyamaza.

Mbuga nzima ikaangua kicheko. Walicheka wakubwa na watoto, alicheka Simba, alicheka hata Kobe, na hakuna aliyewaamuru. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, Fisi alikuwa amewachekesha watu.