Fisi na Mizizi ya Kumwamsha Simba

Mwaka mmoja, wanyama wakiwa bado wanasemezana kwa lugha moja, mvua iliruka Bonde la Migunga ikaenda kunyesha kwa wengine. Nyasi zilikauka, mto ukabaki dimbwi moja la tope, na swala waliokuwa wanene wakabaki mbavu na pembe. Simba, mfalme wa bonde, aliwinda asubuhi tu, akala alichopata, kisha akalala chini ya mwamba mpaka jua lizame. Alisema mfalme hakimbizi mifupa.

Aliyeumia kuliko wote ni Fisi. Fisi hakuwinda, aliishi kwa makombo ya Simba, na sasa Simba akila haachi hata kwato. Fisi aliuzunguka mwamba akimtazama mfalme anavyokoroma, tumbo lake mwenyewe likinguruma kumshinda aliyelala.

"Huyu angeamka kidogo tu," alijisemea, "nami ningekula."

Siku moja alimwona nyani akitafuna mzizi mwekundu kando ya mto mkavu. Nyani yule alipanda mti, akashuka, akapanda tena, akagombana na kivuli chake, na hakutulia kutwa nzima. Fisi hakuhitaji kuelezwa. Alichimba mizizi ile mpaka makucha yakauma, akairundika pangoni mwake, akaponda mmoja ndani ya kibuyu cha maji na kumpelekea Simba.

"Mfalme, hiki ni kinywaji cha wafalme," alisema kwa unyenyekevu. "Babu yako alikuwa akikinywa kila asubuhi."

Simba hakumkumbuka babu yake, lakini hakutaka kuonekana hajui.

"Nakijua," akasema. "Nilikuwa nashangaa kwa nini kimechelewa."

Akanywa. Siku hiyo aliua pundamilia, na kabla hajammaliza akaondoka mbio kumfuata mwingine. Fisi alikula mpaka akawa anatembea upande upande. Kesho yake kibuyu kikawa kizito zaidi, na kesho kutwa zaidi.

Basi Simba akaacha kulala. Aliua asichokula. Alipigana na kichuguu, akakishinda, akakirudia. Wanyama waliogopa kusogea dimbwini, na watoto wao wakalia kwa kiu huku maji wanayaona. Kisha asubuhi moja, akiwa katikati ya kunguruma, Simba alianguka. Miguu ilikakamaa, mwili ukatikisika wote, povu likamtoka mdomoni. Alipoinuka alikuwa hajui yuko wapi.

"Mnatazama nini?" aliwauliza wanyama. "Nilikuwa nacheza."

Sungura, ambaye shimo lake lilikuwa karibu na dimbwi, alikwenda kwa Bi Nungunungu, mganga wa bonde.

"Shangazi, mfalme ana nini?"

"Kuna kitu anakunywa," alisema Bi Nungunungu. "Sikiliza, mwanangu. Kichwani mwa kila mnyama mna chembe hai nyingi mno, ndogo kuliko vumbi, na kazi yao ni kupashana habari. Nyingine humwambia jirani yake, 'Amka, fanya.' Nyingine humwambia, 'Tulia, acha.' Jirani husikiliza pande zote mbili ndipo aamue. Na neno likishafika hufagiliwa, lisije likaendelea kuvuma."

"Na za Simba?"

"Zile za 'tulia', maneno yao hayasikiki tena. Kinywaji kimewaziba majirani masikio. Zimebaki za 'amka' peke yao, zinapigiana kelele. Kelele ikienea kichwa kizima, ndipo anaanguka."

"Basi tumpe majani ya usingizi, gunia zima."

"Gunia zima litanyamazisha kila kitu. Hata kupumua, mwanangu, ni kazi inayotaka kichwa kiseme endelea. Utamlaza usingizi wa moja kwa moja. Aache kinywaji, basi. Kichwa kikiachwa hujipima chenyewe, pole pole."

"Nani atamwambia mfalme aache?"

"Si mimi," alisema Bi Nungunungu. "Miiba yangu bado naipenda ikiwa mgongoni."

Sungura alifikiri. Mwenye kiburi hasikii, lakini mlafi husikia vizuri sana. Alishamwona Fisi akimpelekea Simba kibuyu. Akaenda moja kwa moja pangoni kwake, akaona rundo la mizizi myekundu.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Kinywaji chako kinampa mwenzako mbio na nguvu, halafu wewe unakaa kusubiri makombo yake. Ungekunywa mwenyewe, maini yangekuwa yako."

Fisi alikunja uso. "Nani kasema mimi nina kinywaji?"

"Huna? Basi nisamehe, mjomba. Ngoja nikamuulize Chui. Yule akisikia mizizi iko mahali fulani, haendi kulala bila kuitafuta."

Sungura akaondoka akichechemea kwa makusudi, kama asiye na haraka. Fisi alibaki akiitazama mizizi yake. Alifikiri juu ya maini, kisha akafikiri juu ya Chui. Hakutafuta maji wala kibuyu. Aliila yote, rundo zima, na mchanga wake.

Haikupita muda akatoka pangoni akicheka peke yake. Alimpita Sungura, akamrudia, akamzunguka, akaongea bila kituo. Sungura alitembea tu kuelekea mwambani, na Fisi akamfuata, maana hakuweza kumwacha msikilizaji. Wanyama walikuwa wamekusanyika mbali kidogo, na Simba alikuwa akiparua jiwe.

"Mjomba amechangamka leo," alisema Sungura kwa sauti ya kusikika.

"Nimekula mizizi yote," alisema Fisi.

Simba aliacha jiwe. "Mizizi gani?"

Fisi aliziba mdomo kwa makucha, lakini maneno yakatafuta pembeni. Kila lililopita kichwani lilimtoka, kwani ndani hapakubaki wa kuliambia linyamaze.

"Ile ninayokunywesha. Nilitaka uue sana nami nile. Babu yako hata hakuwahi kuiona. Halafu wewe, mjinga wa manyoya, ukasema kinywaji unakijua."

Wanyama wote walitazama chini. Simba aliinua mkono ampige, lakini mkono ule ulitetemeka hewani, na haukukubali kutulia. Aliutazama kwa muda. Hakuna aliyewahi kumwona Simba akiogopa, na sasa walimwona.

"Keti, mfalme," alisema Bi Nungunungu kwa upole.

Simba akaketi. Fisi naye miguu ilimchukua. Akakimbia akicheka kuvuka uwanda, akipishana na vichuguu, mpaka kicheko hakikusikika tena.

"Asirudi bondeni," alisema Simba, bila kunguruma.

Mizizi ilikuwa imekwisha, na kibuyu hakikuja tena. Mwanzoni Simba alitetemeka na kukasirika ovyo, kisha akalala sana, kisha akaanza kuwinda asubuhi na kupumzika mchana. Wanyama wakarudi dimbwini, wa kwanza wakinywa huku wamegeuza masikio nyuma, wa baadaye wakisukumana kama kawaida yao.

Siku nyingi baadaye Sungura alimkuta Fisi ng'ambo ya uwanda, amekonda, amelala ubavu, akitafuna mfupa mkavu. Alikuwa ameanguka na kutikisika mara nyingi, na sauti imemkauka.

"Wewe ndiye uliyenishauri," alisema Fisi.

"Mimi nilisema kinywaji, mjomba," alijibu Sungura. "Rundo ulijipimia mwenyewe."

Akili nyingi huondoa maarifa.